Ukingoja Jumapili Isiyo na Mbio

Dezire, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Nani alikuambia kwamba mimi nimekufa? Maana mtu anayekaa mbali namna hii ni mtu aliyeambiwa kwamba kwao hakuna tena watu. Kutoka Area 23 huko Lilongwe mpaka hapa kambini Dzaleka si safari. Mtu anamaliza chai yake, anapanda minibasi, anabadilisha gari Lumbadzi, na mchana anakula kwangu. Wanawake wa soko la kambi wanakwenda Lilongwe na kurudi siku hiyo hiyo, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wewe huna mtoto mgongoni. Una miguu mizuri, niliiosha mwenyewe ulipokuwa mdogo.

Barua hii ni ya wazi. Anayeiandika ni jirani yangu Mama Riziki, yule mshonaji, kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje tu. Kabla haijapanda gari kuja kwako itasomwa mbele ya watu wote wanaokaa uani kwangu Jumapili kusikiliza mbio za magari. Nimetaka hivyo. Maneno ya siri umeshaonyesha kwamba unaweza kuyatia mfukoni na kuyasahau. Haya ya wazi, watu watakuuliza.

Kila nikikutumia mtu, jibu ni lile lile: mwambieni nyanya nitakuja Jumapili isiyo na mbio. Nimelisikia kwa mke wa mchungaji, nimelisikia kwa Mzee Bosco, nimelisikia hata kwa yule Mmalawi anayetuletea makaa, ambaye hizo mbio hazijui. Alinikabidhi maneno yako kama alivyopewa, akasema zikomo agogo, yaani asante nyanya, akaenda zake. Nami nimeyaelewa. Hutaki kuingia uani ukute magari yananguruma redioni na mtu mwingine amekalia kiti cha babu yako. Sawa. Hayo maumivu ninayo pia. Lakini sikiliza habari niliyo nayo.

Redio imesema wakubwa wa mbio wanataka kuziongeza. Wanataka viwanja vipya katika nchi za mashariki ya mbali, na kwingine ambako Mama Riziki ameshindwa kuniandikia majina. Redio inauliza wasikilizaji wanaonaje. Sasa fikiri, Dezire. Kila uwanja mpya ni Jumapili nyingine imeliwa. Ukingoja Jumapili isiyo na mbio, wao wanazimaliza Jumapili zote, na mimi siendi ujanani.

Usiniambie kwamba kuna miezi ambayo magari yanalala. Naijua, ni miezi ya mvua. Mvua iliyopita magari yalilala, tukakungoja, ukatuma neno kwamba njia ina matope. Matope! Wewe uliyevuka Tanzania nzima juu ya lori la mihogo. Hapo nikajua kwamba si mbio zinazokuzuia.

Jumapili baada ya habari ile kulikuwa na maneno mengi hapa uani, na wewe ulipaswa kuwepo. Mzee Bosco, ambaye aliendesha malori mpaka vita vilipomshusha, na hata leo akikaa kwenye benchi anakaa kama ameshika usukani, alisema wa kwanza.

"Dunia iko mukubwa. Juu ya nini bakimbilie Ulaya tu? Baongeze. Bafike na kwetu Afrika. Kule Afrika ya Kusini balikuwa banafika, bakaacha."

"Bafike wapi?" Mama Riziki akamwuliza. "Lumbadzi? Bapite katikati ya mbuzi?"

"Mbuzi itatoka mu njia."

"Mbuzi ya Lumbadzi haitokake hata kwa basi."

Watu wakacheka, lakini mwalimu wa kwaya hakucheka. Yeye alikuwa amefikiria saa za mbio kuanza. Alisema mbio za Ulaya zinatufaa kwa sababu zinaanza sisi tumeshatoka kanisani na tumekula. Ndugu wa Kauma kule mjini anaweza kuja, ndugu wa Area 23 anaweza kuja, wasikilize na kurudi kabla ya giza. Zikihamia mashariki zitaanza huku jogoo anawika. "Nani atatoka mjini saa ile?" akasema. "Na sisi tuliyo hapa, tutasikiliza redio ao tutaenda kusali?" Alipotaja Area 23 hakunitazama. Wote hawakunitazama. Ndivyo wanavyokutaja siku hizi.

Halafu wakaniuliza mimi. Nikawauliza kwanza: pale wanapotaka kujenga, leo pana nini? Hakuna aliyejua. Nikasema, basi pana shamba la mtu. Ardhi haikai bure ikingoja magari. Kuna mwanamke kama mimi ataambiwa ang'oe mihogo yake kabla haijakomaa. Mzee Bosco akasema watamlipa. Nikamwambia, Bosco, mi nimehamishwa, we umehamishwa, nani amekuja kutulipa? Akaanza kunyoosha antena ambayo ilikuwa imenyooka.

Nikasema pia wasiongeze. Kitu kikija kila Jumapili, watu hawakusanyiki tena kwa ajili yake, wanasema nitasikiliza ile ingine. Mimi mbio hizi sikuzipenda kwa sababu ya magari. Nilizipenda kwa sababu zilileta watu nyumbani.

Unakumbuka garaji ya babu yako Bujumbura? Jumapili ilikuwa imefungwa, lakini tukitoka kanisani alifungua ubao mmoja wa mlango, tukaingia kwa ubavu. Redio aliiweka juu ya injini ya mtu. Akachukua chaki akachora njia ya mbio sakafuni, kona kwa kona, juu ya madoa ya oili. Wewe ulikaa ndani ya tairi, makalio chini magoti juu, ukanitafsiria Kifaransa cha redio. Pale usipoelewa ulitunga. Nilijua unatunga, kwa sababu dereva mmoja hawezi kupasukiwa na tairi kila mzunguko. Lakini nilikuacha, ulitunga vizuri.

Babu yako hakushangilia dereva yeyote. Alikuwa anangoja gari liingie kwa mafundi, hapo anasogea karibu na redio na kukaza mikono kama yeye ndiye anayefungua gurudumu. "Dereva banamupa maua," alisema. "Fundi banamupa gari ingine." Hata wakati ule redio ilishasema mara moja kwamba mbio zitaongezwa, na yeye akauliza kitu kimoja tu: "Sasa fundi atalala kwake lini?"

Wewe ukasema kutoka kwenye tairi lako kwamba ukiwa mkubwa utakuwa fundi wa magari yale.

"Utatuacha," akakuambia.

"Nitarudi kila Jumapili."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Jumapili njo siku bafundi bako kazini, mutoto wangu."

Halafu vita. Baba yako alibaki kule, hilo sina la kuongeza. Tulipofika hapa Dzaleka hatukuwa na sakafu wala chaki, lakini redio tulifika nayo, babu yako aliibeba kifuani kama mtoto mchanga. Ukachukua majivu ya jiko langu ukachora njia kwenye uwanja wa nyumba. Unakumbuka kuku wa Mama Riziki alivyopita katikati ya kona, babu yako akasema gari hilo linaongoza? Watu walianza kuja kwa sababu ya yale majivu. Warundi, Wakongo, hata watu ambao hawakusalimiana kisimani. Wewe uliijua kalenda yote kichwani. Watu walikuuliza njiani, Dezire, wiki hii wanakimbia wapi, nawe ulijibu bila kusimama.

Sasa niseme lile ambalo mimi na wewe hatujalisema.

Babu yako alikufa siku ya Jumamosi, wakati wa kuvuna mahindi, kifua kilimbana asubuhi na jioni kikammaliza. Mtu tuliyemtuma mjini alikuta garaji unayofanyia kazi imefungwa. Ulikuwa umetumwa Blantyre na gari la mteja. Hapa hakuna mahali pa kumlaza maiti kwenye baridi, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tulimzika. Ulipofika udongo ulikuwa bado mbichi. Ulisimama. Watu walikuletea mkeka, hukukaa. Walikuletea maji, hukunywa. Mtu hafiki penye msiba akasimama, Dezire, hata mgeni hafanyi hivyo. Ukageuka ukaenda, na tangu siku ile nasikia sauti yako kwa midomo ya watu wengine.

Najua unachofikiri. Unafikiri tunakushtaki. Unafikiri kila aliyeko uani anakutazama na kusema, huyu hakumzika babu yake. Mimi ndiye niliyekuwa mke wake, na nakuambia kwa kinywa changu: ulikuwa kazini. Angekuwa hai, yeye ndiye angekutetea, na angewakatiza watu wote mpaka wamwelewe.

Na nikuambie alivyokwenda, kwa sababu hukungoja kuambiwa. Ile jioni alifungua macho akaniuliza, "Kesho banakimbia wapi?" Sikujua. Aliyekuwa anajua ni wewe. Nikamwambia, kesho wanakimbia kwetu.

"Kwetu wapi?"

"Bujumbura. Wamejenga uwanja mpya. Unapita nyuma ya garaji yako."

Akafikiri kidogo. "Pale kona iko mubaya," akasema. "Pako mutaro." Akafunga macho, na hilo ndilo neno lake la mwisho. Hakukulilia wala kukulaumu. Alikuwa anatazama njia.

Kwa hiyo wakiniuliza kuhusu viwanja vipya, mimi nina kimoja ninachokijua, na hicho hakuna aliyehamishwa kukijenga.

Sasa unisikie vizuri. Mimi bado niko ndani ya matanga. Mwaka umepita na zaidi, na nguo nyeusi imechakaa mwilini mwangu. Harusi ya binti wa Mama Riziki niliisikiliza nikiwa upande wangu wa ukuta, kwa sababu mjane hachezi harusini kabla hajatolewa. Kwenye kwaya siimbi mbele. Huwezi kujitoa mwenyewe, unajua desturi yetu. Anayenitoa ni mrithi wa marehemu, na mrithi ni wewe, hakuna mwingine aliyebaki. Vitu vyake nimevifunga. Redio iko ndani ya kikwembe, kitenge changu cha zamani, haijawashwa tangu siku ile, na haitawashwa mpaka mkono wako uifungue. Tunayosikiliza ni ya Mzee Bosco, ambayo inakohoa kuliko inavyosema. Mchungaji hakupenda watu wasikilize mbio kwenye nyumba ya msiba. Nilimwambia hawasikilizi mbio, wanakaa na mimi. Tangu hapo naye anakuja, anasema anapita tu.

Kulikuwa na ushauri kwamba tukutafutie Jumapili tulivu, tuifanye kimyakimya, watu wachache. Nimekataa. Sitatolewa matanga kwa kujificha kama mtu aliyeiba. Tumeweka siku, nayo ni ya mbio. Nimeichagua kusudi. Ni mwezi ujao, karanga zikishavunwa, na atakayekuletea barua hii atakuambia ni Jumapili gani. Wanakimbia Ulaya, saa ile nzuri ya baada ya chakula. Tutatoka kanisani, twende makaburini, wewe utangulie. Tutarudi, utanivua nguo nyeusi na kunivika kikwembe ambacho Mama Riziki ameshakishona. Tutakula. Halafu utafungua redio ya babu yako mbele ya watu. Ukitaka kuiwasha, washa. Ukishindwa, tutakaa hivyo hivyo bila sauti mpaka mbio zao ziishe huko waliko, na hakuna atakayeondoka.

Kuna na barua ya kuijibu redio. Watu wanataka kujibu, na hakuna mwenye Kifaransa cha kutosha kama wewe. Utaandika ya Bosco anayetaka ziongezwe, utaandika ya mwalimu wa kwaya na saa zake, utaandika na ya kwangu kuhusu mihogo ya yule mwanamke. Na la babu yako, kwamba fundi atalala kwake lini. Hilo liweke juu.

Mimi sikuulizi kama utakuja. Nimeshasema kwa watu kwamba utakuja, na unanijua, sipendi kuaibishwa.

Mungu akulinde barabarani. Kula, umekonda, waliokuona kwa niaba yangu wameniambia.

Usije na suti ya kuazima. Njoo na nguo zako za garaji, hivyo hivyo na oili yake, uingie nazo kanisani mpaka mbele, upande wa familia. Watu wakikutazama, waache watazame. Na mtu akikuuliza ulikuwa wapi siku zote hizi, mwambie ulikuwa kazini, kisha kaa karibu nami.

Mimi nyanya yako, mke wako wa kwanza