Mwinuko wa Mwisho wa Daraja la Yeongdo

Busan, Septemba 1966

Kwako Dada Geum-rye mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Sokcho, wewe na shemeji na mama mkwe wako, na kwamba kifua cha mtoto kimetulia sasa joto linapopungua. Sisi huku hatujambo. Mama bado anabanika ngisi wake pale daraja linapoanzia, na bado anasema miguu haimuumi huku akiikanda.

Barua yako niliipata. Umeniomba nimshawishi Mama aanze kumwandalia Baba meza ya chakula cha wafu siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kama wafanyavyo wasiojua siku waliyokufa watu wao. Umesema mama mkwe wako anaona haya kuwa na mkwe ambaye baba yake si hai wala si maiti. Nimekawia kujibu kwa sababu niliogopa. Unanijua, hata kubisha mlango wa mkubwa wangu hunitoa jasho. Lakini leo najibu, na jibu ni hapana. Nivumilie nikueleze.

Bila shaka umesikia kuwa daraja letu halitainuka tena. Kule kisiwani watu ni wengi na maji ni haba, wanawake wanagombana nyuma ya mikokoteni ya maji. Sasa bomba kubwa litalazwa juu ya daraja, na bomba halikunjiki. Sina ugomvi na maji, Dada. Watu wanywe.

Uliwahi kuniuliza chuma kizito vile huinukaje. Kumbuka ubao wetu wa kurukia wa mwaka mpya: mimi nikitua upande huu, wewe unarushwa juu upande ule. Basi ni hivyo hivyo. Nyuma ya kipande kinachoinuka, chini ya barabara, kuna uzito mkubwa uliofichwa. Uzito ukishuka shimoni, ulimi wa daraja unapanda. Mota inasukuma tu, haibebi. Mzee Pyo, anayeendesha mitambo, huliita daraja bibi yake, na husema ni mnono ila ananyanyuka upesi kwa kuwa makalio yake ni mazito kuliko kichwa. Husema hivyo mbele ya wageni, nami hutamani ardhi inimeze.

Baba aliliona daraja siku lilipofunguliwa, enzi za Wajapani, alipokuwa kibarua wa meli. Ndiyo maana pale gatini Hungnam, tulipokimbilia meli wakati wa vita na msukumano ukatutenganisha naye, alipaza sauti kwamba tukutane Busan, kwenye daraja linaloinuka. Wewe ulikuwa umenibeba mgongoni, ulimsikia vizuri kuliko mimi. Wengi waliahidiana hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mji huu waliyoijua kwa jina.

Nilikuwa nikidhani Mama hulipenda daraja kwa ajili ya kumbukumbu. Siku moja alinicheka. Aliniambia mtu anayetembea huwezi kumwona uso, ila daraja likiinuka kila mtu husimama. Tramu husimama, wachukuzi hutua mizigo, na yeye hupita safu kwa safu akiwatazama. Daraja, alisema, lilikuwa likimsimamishia watu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Kazi yangu, unajua, ilikuwa kusoma matangazo kwenye kipaza sauti, dirishani pa chumba cha mitambo, kabla ya daraja kuinuka. Kwa siku ya mwisho, Bwana Guk, mkubwa wetu, alinipa maneno ya kuwashukuru wageni rasmi na kuwaamuru wachuuzi na watu wengine wote waondoke. Wanawake walimfuata kumsihi. Aliwajibu kuwa daraja si mahali pa kutafutia waume. Mama Sun-cheol, yule muuza chai jirani yake Mama, akamwambia, “Basi tutafutie wewe, Bwana Mkubwa, maana wa kwetu walipotea kabla wewe hujaota ndevu!” Walicheka mpaka akaingia ndani.

Siku ilipofika, watu walijaa kuliko nilivyowahi kuona, wengine wametoka mbali kuliaga daraja. Polisi walianza kuwasukuma. Ulimi ulipanda, nami nikashika karatasi. Nilimwona Mama amepanda juu ya kreti la samaki, uso ameugeuzia umati. Alikuwa hatafuti tena. Alikuwa amesimama ili aonekane.

Nilifungua kinywa kuwashukuru wageni, nikasikia sauti yangu ikisema: “Tak Man-deuk wa Hungnam, mkeo yupo hapa, juu ya kreti.”

Kisha watu wakaja mbio dirishani kwangu, kila mmoja na jina la mtu wake aliyepotea, nami nikayasoma yote. Bwana Guk alimfokea Mzee Pyo ashushe daraja. Mzee Pyo akamjibu taratibu, “Bibi mnene huyu, Bwana. Kapanda, mwache apumue.”

Nilipotaja jina la kaka yake Mama Sun-cheol, mwanamume mmoja mwenye kitambi akainua kofia. Unakumbuka kuwa mama huyo alikuwa akimwandalia kaka yake meza kila siku ya tisa ya mwezi wa tisa. Alimwendea, akamzaba kofi ambalo hata wageni rasmi walilisikia. “Nakulisha wali wa maiti miaka yote hii,” alipiga kelele, “kumbe uko Daegu unanenepa!” Kisha akamshika shati, na mpaka daraja liliposhuka alikuwa hajaliachia.

Baba hakujibu. Sitakudanganya.

Na hili ndilo nililokuwa naogopa kukuambia: sina kazi tena. Bwana Guk aliniambia ningebaki kama ningeandika kuomba radhi. Nilikaa na kalamu mkononi, nikaona sina radhi ya kuomba, nikairudisha kalamu mezani kwake. Ningali naogopa. Lakini barua ya radhi sitaiandika. Wala hatutampangia Baba siku ya kufa. Kama amekufa, atuambie mtu aliyemwona, kalenda haikumwona.

Mama ameanza kusimama pale njia ya darajani inapobana, na kreti lake, na kila mtu hulazimika kusita ili ampishe. Anasema kama daraja limeacha kusimamisha watu, atawasimamisha yeye.

Msalimu shemeji, mbusu mtoto, na mpe mama mkwe wako heshima zetu zote. Akikuuliza tena siku ya meza, Mama anasema umjibu kwa maneno yake haya: “Mume wangu bado hajaniaga.”

Mimi mdogo wako akupendaye,
Tak Yeon-sil