Yai la Kanali

Jumamosi, 9 Februari

Mayai tena asubuhi, kwenye lile sanduku. Navunja kwenye bakuli, maziwa kidogo, chumvi, nakoroga, nafunga mlango, nabonyeza. Kengele inalia hata nyanya sijamaliza kukata. Baba Nuru anakula amesimama, magwanda mwilini, anasema hata wazungu hawali hivi. Yai lenyewe limekauka kama sifongo.

Sanduku lilikuja na ndege, pamoja na wiski za mesi ya maafisa. Maikrowevu, ndivyo linavyoitwa. Halikuja na kitabu cha maelezo. Tumeliweka jikoni mwa Mhindi aliyefukuzwa mwaka juzi, tukapewa sisi nyumba yake. Moshi wa jiko lake bado uko ukutani. Naona haya kupika humo. Lakini napika.

Leo Baba Nuru kasema Kanali, mkubwa wake, anakuja kesho kunywa chai. Anataka kumwonyesha yai zima, na ganda lake, likiiva bila maji wala moto. Kaniuliza kama naweza. Nikasema jambo dogo hilo. Sijawahi kujaribu yai na ganda. Mimi huyu, binti wa mwalimu wa madrasa wa Kibuli, sifa tupu.

Jumapili, 10 Februari

Aibu gani hii, Mungu wangu.

Baba Nuru alilihamishia sanduku sebuleni ili mgeni aone vizuri. Kanali kakaa kwenye kochi, kikombe mkononi. Nikatia mayai, nikabonyeza. Likaanza kuvuma. Kanali akasogea kutazama kioo. Mara paa! Mlango wa sanduku ukafunguka wenyewe, maganda na kiini ukutani, kwenye pazia, kila mahali.

Nilipofumbua macho Kanali alikuwa chini ya meza. Chai imemmwagikia kifuani. Baba Nuru nyuma ya kochi na bastola yake. Ochan, askari wetu wa getini, akaingia mbio na bunduki, kama alivyofundishwa. Akatazama huku na huku, adui hamna. Akaiegemeza bunduki ukutani, akamshika Kanali kwapani, akamwinua. Kisha akampangusa kiini cha yai begani, juu ya nyota zake, kwa kiganja. Taratibu, kwa heshima kabisa.

Nikacheka. Sikutaka, kilinitoka tu.

Kanali hakunitazama mimi. Alimtazama Ochan. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 11 Februari

Wamemchukua Ochan asubuhi, pale pale getini. Kosa lake: kufyatua risasi nyumbani kwa Meja, yaani kwa mume wangu, akitaka kumuua Kanali.

Risasi gani? Ni yai. Nimelipangusa mimi mwenyewe, jana, na Akello mke wa Ochan akanisaidia kufua mapazia.

Mchana Baba Nuru akarudi, hakula. Akaniambia nimpeleke mtoto chumbani. Kisha akatoa bastola akapiga ukuta wa sebule, karibu na pale nilipokuwa nasugua kiini. Plasta ikamwagika chini. Akasema, basi, tundu lipo. Nuru kajikojolea huko chumbani kwa hofu. Hakuna jirani aliyekuja kuuliza. Hapa Mbuya, mtaa wa wanajeshi, hatuulizani.

Alinieleza huku anairudisha bastola kiunoni. Ikiwa ni yai, basi Kanali alikimbia yai, na hakuna kanali atakayekubali hilo. Ikiwa ni yai, waliolileta ni sisi. Ama achukuliwe Ochan, ama yeye. Nilimchukia. Halafu nikashukuru kwamba waliyemchukua si yeye. Naandika na hilo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 12 Februari

Akello kaja mlango wa nyuma, mtoto mgongoni. Wanakaa kile chumba cha uani. Yeye ndiye anayenisuka nywele, yeye ndiye aliyemwogesha Nuru nilipokuwa na malaria. Hakulia. Laiti angelia, ningejua la kufanya.

Alisema hivi: "Mama Nuru, aliyepika ni wewe. Sema tu ni yai. Wewe bibi ya mkubwa, watakusikia."

Nikamwambia nitasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipofunga mlango nilijua kwamba nimemdanganya, ila nilikuwa bado najidanganya na mimi.

Jumatano, 13 Februari

Sikwenda Kibuli. Nilitaka kwenda kwa baba, kisha nikaogopa. Najua atakachosema kuhusu ushahidi wa uongo, nimekisikia tangu sijaota meno. Mbaya zaidi, huenda angeniambia ninyamaze kwa ajili ya mtoto. Hilo sitaki kulisikia kwa baba yangu.

Baba Nuru kataka mayai. Nimempikia kwenye sufuria. Sanduku silitaki tena machoni.

Alhamisi, 14 Februari

Wametuma afisa kutoka kambini. Kijana mpole, kavua kofia mlangoni. Akakaa chini ya lile tundu. Baba Nuru kasimama nyuma ya kiti changu, nasikia anavyopumua.

Neno nilikuwa nalo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Yai. Hata Nuru anaweza kulitamka.

"Mama," kijana akasema kwa Kiswahili chao cha kambini, "Kanali nasema alisikia bunduki. Wewe nasikia nini?"

"Bunduki," nikasema.

Akashukuru. Hakuuliza tena. Akanywa chai, akasifu mandazi, akaenda. Kumbe kuuza mtu ni kazi nyepesi hivyo. Nilidhani ulimi utakataa, nilidhani angalau nitapata kigugumizi. Haukukataa. Niliosha kikombe chake mara tatu baadaye, lakini kuosha kunamsaidia nani? Baba Nuru akanishika bega. Nikautoa mkono wake.

Jumamosi, 16 Februari

Ochan kahamishwa, ndivyo wanavyosema. Wapi, hawasemi. Kampala nzima inajua mtu akihamishwa hivyo nguo zake zinagawiwa.

Akello kaambiwa aondoke chumbani. Na ili asipige kelele, Baba Nuru kamwambia kwamba mimi nilimwombea mumewe kwa wakubwa, la sivyo wangemmaliza papa hapa getini. Hakuniuliza. Kanieleza akiwa anafunga viatu, kama mtu anayenipa zawadi.

Ningeweza kwenda uani kumwambia ukweli. Ni hatua chache. Nimefika mlangoni, nimeshika kitasa, nimerudi kukunja nguo. Mimi si mtu.

Jumatatu, 18 Februari

Akello kaondoka asubuhi. Anarudi kwao, Gulu. Mzigo kichwani, mtoto mgongoni.

Alipita mlango wa mbele, hajawahi kupita huko. Akatua mzigo, akapiga magoti kwenye saruji. Mimi ndiye niliyestahili kupiga magoti, nikabaki nimesimama.

"Mama, nimesikia ulimwombea. Mungu akulipe."

Nikaitikia amina. Nikamsaidia kujitwisha mzigo, kisha nikaenda kumfungulia geti mwenyewe, maana askari mwingine hawajamleta.