Nguo ya Mgeni

Jumatatu, 15 Desemba

Leo nimekata vitambaa vya Krismasi. Mara ya kwanza bila Mama. Jora moja la bluu, kama kawaida yetu, ili tukiingia kanisani watu waseme kwaya imefika. Gauni langu, shati la Baba, nguo za mdogo wangu na mumewe, vigauni vya mapacha wao. Halafu ile moja ya ziada. Nguo ya Mgeni.

Tangu sisi wadogo Mama alishona moja ya ziada. Mkesha wa Krismasi aliibeba mwenyewe hadi mochwari ya hospitali, akamwosha na kumvika maiti asiye na mtu. Alisema kama imani yetu inaishia kwenye sahani zetu, basi hiyo siyo imani, ni shibe.

Mwezi wa saba, siku chache kabla hajafa, alinishika mkono. Nguo ya Mgeni usiiache. Nikasema ndiyo, Mama. Nani angemwambia hapana? Lakini mimi maiti naogopa. Naogopa kwelikweli! Hata Mama mwenyewe nilimgusa kwa vidole viwili tu, na bado vidole hivyo naviona si vyangu.

Nimekata shati na suruali. Mikono nimeiongeza urefu, alivyonifundisha. Nguo ya Mgeni mikono mirefu — ndivyo inavyokatwa. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Alhamisi, 18 Desemba

Baba kanipongeza mezani mchana. Leo umejituma, mwanangu, cherehani haikunyamaza asubuhi nzima.

Asubuhi nzima nilikuwa sokoni natafuta vifungo.

Nimesema ndiyo, Baba, nataka kuwahi. Ningesema nini? Mzee wa watu masikio yake yamezoea. Miaka yote hiyo amesoma Biblia yake huku kile chuma cha Mama kikilia chumba cha pili. Atakuwa alisikia gari. Au pampu ya jirani.

Lakini nilipokwenda kukaa nishone, kanyagio lilikuwa bado linacheza. Kidogo tu, kama mguu wa mtu umetoka hapo sasa hivi. Paka, nimejiambia. Hatuna paka! Nimetoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeshona mlango ukiwa wazi na redio juu. Hakuna kilichotokea. Nimejicheka.

Jumamosi, 20 Desemba

Mdogo wangu kaja na familia yake kujaribu nguo. Mapacha wamemwaga vifungo vyote chini, eti wanapanda mahindi. Shemeji, kwa haraka zake, kavaa shati la Mgeni akidhani ni lake. Mikono ikamning'inia kupita vidole. Watoto wakacheka mpaka wakalala sakafuni, naye akazidi kuwachezea, akiipunga kama masikio ya tembo.

Mdogo wangu hakucheka. Kaniuliza polepole: dada, hii mikono ya nani?

Nikamwambia ndivyo Mama alivyokata. Nguo ya Mgeni mikono huwa mirefu.

Akasema: haikuwa hivyo zamani. Zamani mwaka huu gauni, mwaka ujao kishati cha mtoto. Mama alikuwa anashona chochote, na hospitalini hakukosekana wa kumfaa. Tangu lini ikawa ya mwanamume kila mwaka? Tena mrefu?

Tulitazamana. Tulijua wote wawili.

Tangu Ngongoti alipoondoka.

Kaka yetu. Jina lake tulikuwa tumeacha kulitaja. Hilo la utani lilimfaa, maana alikuwa mrefu hadi mikono ya shati lolote ilimwishia njiani. Aligombana na Baba, sasa ni miaka. Baba akamwambia usirudi humu kwa miguu yako. Akaondoka. Si barua, si simu, si salamu. Na Mama hakumlilia mbele yetu hata siku moja. Tulidhani ana moyo mgumu. Kumbe!

Kila mkesha alikwenda na nguo ya mwanawe mkononi, kutazama kama ndiye.

Shemeji bado alikuwa amelivaa. Nilimwambia alivue. Nadhani nilipiga kelele, maana mapacha walinyamaza.

Jumapili, 21 Desemba

Mchungaji kanisimamisha mbele ya watu. Binti huyu amefuata nyayo za mama yake, atawavika wasio na mtu, tumpigie makofi. Wakapiga. Nilitamani ardhi inimeze. Huduma gani? Mama alikuwa anatafuta. Au vyote viwili vinaweza kukaa kwenye nguo moja? Sijui. Nimekasirika naye na nimemkumbuka, kwa wakati mmoja.

Tukirudi nimemuuliza Baba waziwazi. Ulijua?

Alisema Mama akirudi kutoka mochwari alikuwa anasimama mlangoni, anamtikisia kichwa: siye. Basi. Hawakusema neno. Akishatikisa kichwa, ndipo Baba anakaa mezani na kuombea chakula.

Na mimi miaka yote hiyo nilidhani yeye, mzee wa kanisa anayetembelea wafungwa na wagonjwa, anaikwepa mochwari kwa woga kama wangu. Nilikuwa namcheka moyoni. Hakuogopa maiti. Aliogopa kauli yake ile, usirudi kwa miguu yako.

Jumanne, 23 Desemba

Nimemaliza. Nimepiga pasi. Nimekunja. Na hapo ndipo nilipoona nilichofanya.

Shati la maiti halifungwi mgongoni. Huachwa wazi tangu juu hadi chini, na vikamba vya kufungia, kwa sababu mikono yake haikunjiki kuingia. Kitu cha kwanza Mama alichonifundisha kuhusu kazi hii. Mimi nimefunga mgongo wote, mshono mara mbili, nikaupiga pasi ukalala vizuri. Nimeshona shati la mtu anayeweza kunyanyua mikono.

Nilichukua wembe nifumue. Nikakaa nao tu.

Baba kaingia, akaliinua shati kwa mabega, akalishika mbele yake kimo cha mtu. Umelifunga, akasema. Nikasema nimekosea, nafumua sasa hivi.

Acha, akasema. Akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, mikono mirefu ya shati ikicheza. Nimegeuza uso.

Jumatano, 24 Desemba

Niko kwenye benchi nje ya mochwari. Nimekuja na shajara maana mikono yangu inataka kazi. Harufu ya dawa ya kusafishia. Mlango wa kijivu, rangi imebanduka pale watu wanaposukumia.

Mhudumu ni yule yule wa siku zote za Mama. Kanipa pole ya msiba, akasema mwaka huu alidhani hatakuja mtu. Anaye mmoja. Mwanamume, aliokotwa barabarani, hana kitambulisho, hakuna aliyemuulizia.

Nikauliza: mrefu?

Akanitazama. Mama yako naye swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Halafu akasema ndiyo. Mrefu. Miguu imezidi meza.

Ameniambia ningoje, anamwandaa. Nimeinama nikaomba. Ee Mungu, asiwe yeye. Asiwe yeye. Asiwe yeye. Nimeomba hivyo mpaka nikasikia ninachoomba: awe kaka wa mtu mwingine. Awe wa dada aliyekaa benchi jingine mahali fulani, anayeomba kama mimi. Nikajaribu kuomba upya na sikupata pa kuanzia.

Baba amekuja. Sikumwita! Nimemwona anavuka geti taratibu, kavaa shati lake la bluu siku moja kabla ya Krismasi, kofia mkononi. Amekaa pembeni yangu.

Nimemwambia, Baba, sijui niombe nini.

Kasema: mwambie Mungu huyu ni wetu.

Hata kama si yeye?

Amelichukua shati mapajani mwangu, amelikumbatia, anatazama mlango. Midomo yake inakwenda. Nasikia jina ambalo halijatamkwa nyumbani kwetu tangu lile neno lake — jina lenyewe, la ubatizo, si la utani.

Mlango umefunguliwa. Mhudumu anafuta mikono. Anauliza, kwa mazoea tu, kama anavyouliza kila mtu: nyie ndio ndugu zake?

Baba amesimama. Amesema ndiyo, mimi ni baba yake.

Bado hatujamwona —