Rangi Isiyotoka

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kedowa hatujambo, na ng'ombe wa babu yako amezaa. Umeniuliza ni majani gani yana rangi isiyotoka, ujaribu kupaka vile vioo vyenu vya sola vinavyonasa jua kwa rangi ya mimea huko chuoni. Ni majani chai.

Siku ya harusi nilivaa glavu nyeupe. Pasta akasema, "Toa glavu, dada, pete iingie." Mikono ilikuwa myeusi kwa kuchuna chai, ndimu na majivu vimeshindwa kuisafisha. Niliona aibu mbele ya kanisa lote. Babu yako akaninong'onezea, "Hata yangu iko hivyo."

Siku hizi mashine ndiyo inachuna, sisi tumeambiwa tukae nyumbani. Sasa mikono yangu imetakata, na kanisani naificha ndani ya leso.

Kogo wako