Nusu ya Ukurasa

Mpendwa mdogo wangu Rajabu,

Nimeshika kalamu tangu sala ya alfajiri na bado sijui nikusalimu vipi. Ipo salamu tunayopeana tulio hai, na ipo ile tunayowatolea watu wa makaburini tunapopita kwao. Katika miaka minne tangu wanajeshi wakuchukue dukani kwako Wandegeya, sijathubutu kukutolea hata moja. Sasa mkeo Mwanaidi ameniuliza kama yeye ni mke au ni mjane, na anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Usimlaumu. Serikali ya bunduki ilipoanguka na gereza la karibu na Port Bell likafunguliwa, alisimama pale siku tatu akitazama nyuso za waliotoka. Hukuwamo. Akaja kwangu, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shemeji, nimechoka kungoja nisichokijua. Wewe ndiye uliyesoma. Sema."

Mimi ndiye niliyesoma. Hilo hasa ndilo linalonitatiza.

Unaikumbuka darsa yetu ya Alhamisi baada ya alasiri. Ulikuja mikono ikinuka sabuni, maana ulikuwa umeshinda ukikata miche kwa waya. Desturi tuliyoirithi kwa marehemu baba ni kusoma kitabu kwa mpangilio wake. Hatuchagui mlango wala haturuki ukurasa. Pale uzi wa alama ulipowekwa wiki iliyopita, ndipo tunapoanzia. Alhamisi ile uzi ulikuwa umefika kwenye habari ya bei, na wiki hiyohiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba bidhaa zote zitauzwa kwa bei ya serikali, na atakayezidisha atakiona. Wengi walidhani nimekusudia. Wallahi sikukusudia.

Nikasoma jinsi watu wa Madina walivyolalamikia ughali, wakamwomba Mtume awapangie bei, naye akakataa, akitaraji kukutana na Mola wake pasipo mtu wa kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Ukainua kichwa. "Kaka, hebu rudia hapo." Nikarudia. "Kama yeye alikataa, hawa wa redioni wameupata wapi ujasiri?" Watu wakacheka, kisha wakatazama dirishani.

Magharibi ilikuwa imekaribia. Nikafunga kitabu katikati ya ukurasa. Nusu ya chini inaeleza kwamba wapo wanavyuoni waliosema: wauzaji wakificha bidhaa mpaka watu wakadhurika, mtawala mwadilifu anaweza kuwalazimisha wauze kwa bei ya haki. Nilijua kwamba maneno hayo yanakuja. Nilidhani tunayo Alhamisi nyingine. Ulichukuliwa Jumanne.

Yaliyosemwa dukani siku hiyo Mwanaidi alinificha miaka yote minne, akanieleza juzi. Askari alikuuliza, "Wewe mzee, hii bei nani nakupa?" Ukamjibu, "Tumepatana, afande, mimi na huyu mama. Muulize mwenyewe." "Serikali nasema bei ingine!" "Serikali haina sabuni, afande." Hata askari mwenzake alicheka. Kisha yule wa kwanza akauliza, "Hii maneno nani nakufundisha?" Nawe ukasema, "Nimejifundisha mwenyewe. Kusoma kidogo najua."

Hukunitaja. Ulisema uongo, Rajabu, ukaniokoa, na mimi niliyewafundisha watu hukumu ya kusema uongo sijui huu wako niuweke fungu gani.

Nimejaribu kujifariji kwamba wale hawakuja kwa ajili ya haki. Sabuni yako ilionekana sokoni Nakasero baada ya siku chache, ikiuzwa ghali kuliko ulivyoiuza wewe, na waliouza hawakuulizwa na mtu. Lakini najua pia kwamba chini ya kitanda chako palikuwa na maboksi. Mwanaidi anasema uliyaweka ili uuze kidogo kidogo, kila mteja apate. Huenda. Je, huko ni kuficha au ni kutunza? Ungeisikia nusu ya chini, ungeyatoa? Nayageuza maswali haya nikitawadha, nayageuza nikila, wala sifiki popote.

Wewe hukuwa mtu wa mashaka. Mtawala yule wa bunduki alipoingia, nilifurahi. Sisi Waislamu wa mji huu tulikuwa tumezoea kukaa nyuma, nami nikamwombea juu ya mimbari. Ulinisubiri nje. "Sheikh, leo dua imekuwa ndefu kuliko hotuba. Umeahidiwa duka?" Nilikasirika. Na Wahindi walipofukuzwa, barua ya kunipa mojawapo ya maduka yao ikaja kweli. Uliisoma, ukanirudishia. "Kitu ambacho mwenyewe hakukuuzia kwa ridhaa yake, utakiombeaje baraka?" Nililikataa lile duka, ila niliwaambia wakubwa kwamba kufundisha kunanishughulisha mno. Wewe ungewaambia sababu yenyewe.

Ulikuwa ukisema, "Dini inikataze kudhulumu. Mengine niachieni mimi na wateja wangu." Sijui kama uhuru huo ulikuwa wa kila mtu, au wa mwenye sabuni tu. Yule mama aliyepatana nawe, alipatana kwa ridhaa au kwa shida? Ninachokijua ni kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kukuchukua, na kwamba Alhamisi iliyofuata nilifanya nisilopata kufanya maishani: niliruka ukurasa, nikaanza mlango wa rehani. Hakuna aliyeniuliza.

Na sasa Mwanaidi. Ipo kauli inayomtaka mke wa aliyepotea angoje mpaka kifo kihakikike, hata akizeeka. Ipo nyingine inayompa miaka minne, kisha akae eda. Nimezisoma zote mbili mpaka mwisho wake. Jana nikamwita, nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Katika umri wangu wote sikuwahi kumuuliza mwanamke swali hilo kabla ya kumhukumia. Akasema, "Nataka nilie kama wenzangu wanavyolia, shemeji. Basi."

Nimehukumu kwamba umekufa. Leo ameanza eda ya miezi minne na siku kumi; ikiisha, maisha yake ni yake. Kesho baada ya sala ya Ijumaa tutakusalia sala ya maiti asiyekuwapo, nami ndiye imamu.

Hukumu zangu zote nimemwomba Mungu azithibitishe. Hii peke yake namwomba aivunje. Ukiwa ungali hai popote pale, ingia msikitini kabla sijatoa salamu, unibatilishe mbele ya watu wote.

Ni mimi kaka yako, nitakayekusalia kesho bila kuwa na yakini.