Uzi, Shanga na Kiganja cha Koko

Karatu, Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya mabati tangu asubuhi. Nimevaa soksi mbili mbili kama mtalii aliyedanganywa kwamba huku ni joto.

Nina hamu ya kitu kidogo mno, naona hata aibu kukiandika. Nataka kuwekewa kiganja kichwani.

Kwetu mdogo huinamisha kichwa, mkubwa humgusa utosini. Ndivyo Koko, bibi yangu, alivyonipokea kila likizo kule Soitsambu. Kiganja chake kilikuwa kipana na kikavu, kikinuka maziwa na moshi. Kisha akapata kiharusi, akaletwa hapa kwa mama, na mkono wake wa kulia ukajikunja ngumi. Wa kushoto ni mzima, ila hataki kuutumia. Anasema huo haujui kusalimia.

Basi kila asubuhi nainama, na kinachonigusa ni fundo la vidole.

Chuoni nilitengeneza nyuzi za mpira wa ajabu. Ndani yake molekuli zimelala upande mmoja kama vijiti. Zikipata joto zinavurugika, uzi unafupika. Ukipoa, unarudi urefu wake. Siri yote iko kwenye kuuvuta ungali laini, kabla mwanga wa taa haujaugandisha kabisa. Usipouvuta wakati huo, unapata uzi mfu usiojua kitu. Nilitengeneza pia chembe za mviringo ambazo zikipashwa moto hubadilika umbo, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye nyuzi. Kwenye andiko langu niliandika kwamba ni misuli laini ya roboti. Sikuandika jina la Koko.

Masomo yameisha, ufunguo wa maabara nimerudisha. Nilikuja na bahasha moja tu ya nyuzi. Hapa siwezi kutengeneza nyingine.

Juzi nikaikuta bahasha tupu.

Yeyo, mama yangu, hutunga shanga za kuwauzia wageni wanaopanda Ngorongoro. Alikuwa ameshazitumia nyuzi zangu zote kwenye bangili moja pana.

"Nilidhani nailoni," alisema. "Nyeupe, inavutika, iko kwenye bahasha. Sasa mtoto gani anaenda chuo kikuu kusomea nailoni?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nililia kama mtu aliyefiwa, na sikuweza kumweleza mtu ni nani amekufa.

Nilikuwa bado huko niliposikia kelele jikoni. Yeyo alikuwa amevaa bangili yake, akainama kugeuza ugali kwenye mvuke.

"Wewe! Njoo! Uzi wako unanikaba!"

Nilimkuta anacheka na kupiga kelele kwa pamoja, mkono ameunyoosha mbali kama ameshika nyoka. Tulipotoka nje kwenye ubaridi bangili ikalegea. Akarudi jikoni kwa makusudi, ikamkaba tena. Koko alicheka kitini mpaka akafuta machozi kwa ile ngumi.

Mimi nilikuwa naangalia ngozi ya Yeyo. Haikuungua. Shanga zilikuwa zimeuinua uzi wenye joto usiguse mwili, jambo lililokuwa likininyima usingizi chuoni.

Leo mchana nimeifungua bangili. Nimepunguza shanga ili nyuzi zipate nafasi ya kufupika, nikazishonea mgongoni mwa glovu ya sufu, toka vidoleni hadi kifundo cha mkono. Nimeazima drayer ya kukaushia nywele saluni ya jirani, kisha nikamvika Koko glovu kwenye ile ngumi.

"Unanifunga kamba kama ndama," Koko alisema.

"Vumilia, Koko."

"Navumilia. Ndama ndiye asiyevumilia."

Niliwasha drayer, nikaielekeza kwenye glovu. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha kidole cha shahada kikainuka, polepole, kama mtu anayeamshwa. Cha kati kikafuata. Cha pete kikajaribu. Kidole kidogo kilikataa kabisa.

Hakikuwa kiganja cha zamani. Kilikuwa nusu ya kiganja.

Koko aliutazama mkono wake. Yeyo akaacha shanga zake. Nilitaka kuandika vipimo, kupiga picha, kufanya yote niliyofundishwa.

"Takwenya," Koko akanisalimia, kama vile ndiyo kwanza nimeingia kutoka safari.

"Iko," nikaitikia kwa lugha yetu. Nikaweka drayer chini, nikainama.

Kiganja kikatua. Kizito, cha moto, na sufu ya glovu ikiniwasha. Drayer ilikuwa chini, kwa hiyo nyuzi zikaanza kupoa, na nilijua kinachofuata. Vidole vikaanza kujikunja tena, taratibu, vikashika nywele zangu, vikabana. Iliuma.

Hakuna aliyeharakisha kunitoa.

Kesho nitaanza kuandika barua za kuomba maabara, popote itakapopatikana. Kidole kidogo bado kinadai uzi wake.

Leo sichani nywele.