Buibui juu ya insigne

Philo, sikiliza hii. Papa yangu amenielezea saa hii mambo yake ya mwaka 74, wakati wa Parti moja tu!!

Alifuga buibui mukubwa wa nyoya mu boîte, kopo ya maziwa. Asubuyi moja alimukuta amelala chali, miguu juu. Akazani amekufa. Kumbe anabadilisha ngozi tu! Akamufunga mu leso, mu mufuko ya koti, atamuzika akimaliza kusalimia bendera ku kazi.

Bendera inapanda, bantu bote banaimba wimbo wa Parti. Buibui naye anajitoa mu leso, anapanda!! Kifua ya Papa, pole pole, mupaka juu ya insigne, ile beji ya Parti, juu ya uso wa Président.

Kumupiga buibui ni kupiga Président, Philo!

Mukubwa wa Parti akamusogelea: «Citoyen, toa hiyo kitu.»

Papa, jasho tupu: «Toa weye, citoyen.»

Mukubwa akanyoosha mukono. Akaona bantu bote banamuangalia. Akarudisha mukono, akaanzisha wimbo upya.